Kurudisha Mfuko wa Bibi Dulmaa

Mtu akitaka kumsomesha mtoto wa maskini huku kwetu Mongolia, simkatazi. Namwomba kitu kimoja tu: asitie msaada wake ndani ya chombo. Autoe mkononi, au auweke mezani, hata akiubwaga juu ya theluji ni sawa, lakini chombo hapana. Watu hunicheka nikisema hivyo. Wacheke tu. Wao hawakuwa walezi wa bweni mwaka ule wa Tungalag.

Nilikuwa mlezi wa bweni la shule ya wilaya, maana yake nilikuwa mpishi, muuguzi, mwasha majiko, mtafuta chawa, na mama wa watoto wote wa wafugaji ambao mahema ya kwao yalikuwa mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Miaka ile serikali ilikuwa imeishiwa. Mzazi aliyetaka mwanawe alale bwenini alitakiwa alete nyama. Si fedha, nyama. Ilihifadhiwa kwenye ghala nyuma ya jiko langu, ambako baridi ilifanya kazi ya friji bila kudai umeme. Asiyekuwa na nyama, mwanawe alirudi nyumbani kuchunga. Na aliyekuwa hana hata mifugo, mwanawe alirudi nyumbani kuchunga upepo.

Bibi Dulmaa alikuwa karibu na hao wa mwisho. Zamani alikuwa na kondoo wengi mpaka akichoka kuwatazama. Halafu ikaja ile baridi kuu, kondoo wakaganda usiku mmoja nyuma ya hema, wengine bado wamesimama. Alibakiwa na farasi jike mmoja, ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi wachache wakaidi waliokataa kufa, magoti mabovu, na mjukuu. Huyo mjukuu ndiye Tungalag. Wazazi wake walikuwa mji mkuu wakitafuta kazi, na kazi ilikuwa ikiwakimbia. Hema la bibi lilikuwa bondeni, ng'ambo ya mlima, nusu siku kwa farasi kama hali ya hewa ina adabu.

Vuli ilipofika, bibi alimpandisha mjukuu farasi akamleta shuleni kuanza darasa la nne. Hakuwa na nyama. Alikuja na maneno tu, akaingia nayo ofisini kwa Mwalimu Mkuu Sevjid, na Mwalimu Mkuu Sevjid akamjibu kwa upole kwamba maneno hayachemshwi sufuriani. Wakati wakubwa wakivutana, Tungalag alijiingilia duka la Gombo, lililokuwa likitazamana na jiko langu, akaanza kusoma kwa sauti maandishi ya kila kilichokuwa rafuni. Akasoma chai, akasoma sabuni, akafika kwenye makopo ya samaki, akatangaza mbele ya wateja kwamba samaki wale muda wao wa kuliwa ulikwisha kabla yeye hajazaliwa.

Mtu mwingine angemtoa mtoto huyo nje kwa sikio. Gombo alikaa chini kwenye gunia la unga, akavua kofia. Alikuwa mjane, mnene, mpole, na shule aliikimbia akiwa mdogo kuliko Tungalag. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba miaka yote ile alikuwa akidhani ile tarehe ni bei. Samaki waliobaki aliwatupa jioni ileile, na usiku hakulala, akiwaza wateja wake waliokuwa hai kwa bahati. Kulipokucha alikuwa ameamua: nyama ya bweni ya mtoto yule ataitoa yeye.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoitoa. Angevuka barabara tu. Hatua chache, angeniwekea nyama jikoni, ningesema ahsante, mtoto angepewa kitanda, na hadithi ingeishia hapo. Lakini Gombo alikuwa na moyo mzuri, na moyo mzuri una taabu zake. Alisema ni aibu kwa bibi nyama ya mjukuu wake iletwe na mtu baki. Basi akajaza nyama kavu ndani ya ndoo yake kubwa ya maziwa, ile ya aluminiamu yenye mfuniko, akawasha lori lake la Kirusi, akavuka mlima mpaka bondeni. Akaitua ndoo mlangoni kwa bibi, akamwambia ni nyama iliyomzidi, inataka kuharibika. Nyama kavu ya kwetu haiharibiki hata ukiizika. Bibi alijua, naye akajua kwamba bibi amejua, wakanywa chai wakazungumzia nyasi.

Wiki iliyofuata bibi alishuka na nyama, akanikabidhi kwa mikono miwili na kichwa juu, mbele ya wazazi wengine. Niliona vizuri sana. Nilimsifu Gombo moyoni. Mjinga mimi, sikuuliza ndoo iko wapi.

Ndoo ilikuwa hemani kwa bibi, tupu, na bibi hapati usingizi. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata uwe huna kitu, utatia chumvi, utatia kipande cha jibini, utatia chochote, maana ukimrudishia mtu chombo kitupu umeitakia nyumba yake ukame. Na hakitumwi kwa dereva anayepita. Kinarudishwa na mtu wa nyumba, kwa mikono miwili. Magoti ya bibi yalikuwa yamekwisha kukataa safari nyingine; siku ile alirudi kwao kwa lori lililokuwa likipita, farasi akamwachia mjukuu. Mtu wa nyumba aliyebaki ni Tungalag.

Kwa hiyo Jumamosi moja Tungalag alipanda farasi akaenda kwao, na Jumatatu, darasa likiwa limekwisha kuanza, akarudi na ndoo imejaa jibini kavu. Ilikuwa imejaa mpaka mfuniko haufungiki, kwa hiyo ile iliyozidi bibi aliitia ndani ya mfuko wake wa kitambaa, wenye mshono mwekundu, ukaning'inizwa kwenye tandiko. Gombo alipokea kwa mikono miwili na machozi yakamlengalenga. Ndoo ikawa imerudi kwa mwenyewe. Lakini mfuko ulikuwa wa nani? Mfuko ulikuwa wa bibi.

Gombo aliujaza mfuko ule chai na pipi. Sukari aliona itachanganyika, akaitia kwenye kopo lake zuri la bati lenye picha ya maua. Tungalag akapanda farasi. Mfuko ukarudi kwa bibi, na kopo likabaki kwa bibi. Bibi akajaza kopo siagi, na kwa kuwa siagi peke yake haipendezi, akaongeza mtindi mzito ndani ya kibuyu chake cha ngozi. Tungalag akapanda farasi. Kopo likarudi kwa Gombo, kibuyu kikabaki kwa Gombo. Mnaona mambo yanavyokwenda. Na farasi mwenyewe alikuwa akilala kwenye ua wa Gombo, akila nyasi za Gombo, jambo ambalo bibi alilihesabia upande wake wa deni, akaongeza siagi.

Ukiangalia mali, hakuna aliyepungukiwa. Unga ulipanda mlima, jibini likashuka mlima, pande zote mbili zikawa zinakula vizuri kuliko zamani. Aliyepungukiwa ni mtoto. Kila chombo kilimla siku za shule, na theluji ikianguka kilimla zaidi. Wenzake walipofundishwa kugawanya, yeye alikuwa mlimani na siagi. Walipochora ramani ya nchi, yeye alikuwa mlimani na unga. Nilimkuta jioni moja amekaa karibu na jiko, anaangalia daftari la mwenzake, anasogeza midomo, na hakuna kinachoingia.

Nilivuka barabara nikamkabili Gombo dukani kwake.

"Kaka Gombo, unamsomesha huyu mtoto au unamfanya tarishi?"

"Namsomesha, dada Horloo."

"Basi kaa na kibuyu cha watu mpaka likizo."

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali. "Kibuyu cha bibi mzee? Mpaka likizo? Watu waseme Gombo anamkalia bibi maskini kibuyu chake?"

"Basi mrudishie kitupu."

Gombo alishika ukingo wa meza. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina homa.

Nikaona huyu hafai, nijaribu upande wa pili. Nikamtuma Tungalag na ujumbe mkali kwa bibi yake: kwamba vyombo hivi vinamharibu mtoto, kwamba mtoto hajui kugawanya, kwamba akiendelea hivi Mwalimu Mkuu atamfukuza, na kwamba haya yote ni juu yake yeye bibi. Nilimfanya mtoto aurudie ujumbe mpaka ukamkaa. Aliporudi na jibu, bibi alikuwa ameniletea fundo la siagi, na anashukuru sana kwa salamu zangu. Nilimbana Tungalag aseme alimwambia nini hasa. Akatazama viatu vyake. Alikuwa amemwambia, "Mama Horloo anakusalimu, anasema unaonekana na afya."

"Kwa nini, wewe mtoto?"

"Bibi hana kitu kingine," alisema. "Watu bondeni wanasema kondoo wote wamekufa lakini mkono wa Dulmaa bado uko wazi. Nikimwambia aache, watasema nini?"

Nilimpa ukoko wa sufuria, akala, nikaenda kugombana na moto.

Jaribio langu la tatu lilikuwa la akili zaidi, na kwa sababu hiyo likawa baya zaidi. Ule mfuko wenye mshono mwekundu ulipotua tena kwa Gombo, niliingia dukani kununua kiberiti nikatoka nao chini ya koti. Nikauficha ghalani. Nikajiambia: pasipo na chombo, hakuna safari. Gombo aliutafuta siku nzima, akapindua duka, akalia. Halafu akaona suluhisho ni moja, kumwomba bibi radhi kwa kumpotezea mfuko wake. Akanunua mfuko mpya wa ngozi, mkubwa mara tatu, akaujaza pomoni, akamweka Tungalag juu ya farasi. Bibi alipouona mfuko ule aliketi chini. Vya kuujaza hakuwa navyo. Ng'ombe wake walikuwa wamekauka maziwa kwa baridi na jibini lilikuwa limekwisha. Basi akaukunja ule mfuko vizuri, akaweka ndani kipande cha mwisho cha jibini ili usiwe mtupu, na akatuma pamoja nao mbuzi.

Mbuzi alikuja akivutwa kwa kamba, na kamba ilikuwa ya bibi.

Hapo wazee wa wilaya waligawanyika. Wako waliosema kamba si chombo, haina ndani. Wako waliosema kamba ina mwisho, na mwishoni mwake kulikuwa na mbuzi, kwa hiyo haiwezi kurudi bila kitu mwishoni. Mjadala huo ulifanyika dukani kwa Gombo, juu ya chai ya Gombo, na kila mtu aliufurahia isipokuwa mimi. Gombo aliwasikiliza wote kwa heshima, akaenda kununua kondoo dume.

Yule kondoo dume alikuwa na pembe na maoni yake. Alifungwa uani kwa Gombo asubuhi moja, akakata kamba, akavuka barabara, akakuta mlango wa shule uko wazi kwa kuwa watoto walikuwa wakiingiza kuni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Dirishani mle kulikuwa na ua la chungu, ua pekee lililokuwa hai wilaya nzima wakati wa baridi, ambalo Mwalimu Mkuu Sevjid alilinywesha kwa kijiko. Kondoo alilila mpaka mizizi. Mwalimu Mkuu alirudi kutoka darasani akakuta chungu na udongo, na kondoo anamtazama.

Sevjid hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amenyooka, nywele zimebanwa, miwani imefungwa uzi, na watoto wengi wasio na kitanda walikuwa wakimngoja kwenye mahema, nyama zao ziko tayari. Aliniita akanieleza bila kupandisha sauti. Mtihani wa nusu mwaka unaanza Jumatatu. Tungalag akiukosa, anatoka, na kitanda anapewa mtoto anayekuja kusoma. Nilitaka kumtetea, nikakuta ana haki. Hakuna kinachokera kuliko mtu mwenye haki.

Nilirudi mbio kwa Gombo kumwambia asithubutu. Nilimkuta amesimama mlangoni, ameshika kofia. Tungalag alikuwa amekwisha kuondoka na kondoo. Aliogopa, baada ya lile ua, kwamba kondoo akibaki atachinjwa na shule, na kamba ya bibi itakosa kitu mwishoni. Ilikuwa Ijumaa mchana. Jumamosi upepo ukaanza, na Jumapili mlima haukuonekana.

Sitasahau siku zile mbili. Nilimtukana Gombo, nikamtukana kondoo, nikajitukana mwenyewe. Gombo alijaribu kuwasha lori, lori likaganda. Alimwagia injini maji ya moto, maji yakaganda. Alikaa dukani amezungukwa na bidhaa zake, hauzi kitu. Nilipomletea chai alisema tu, "Mimi nilitaka asome, dada." Nikakaa karibu naye, kwa kuwa nilimwonea huruma, na kwa kuwa mimi pia nilikuwa naogopa.

Jumatatu mtihani ulianza na kiti cha Tungalag kikiwa kitupu. Jumanne ukaisha. Jumatano upepo ukatulia, na mchana watoto wakapiga kelele dirishani: farasi wa bibi anashuka mlimani na watu wawili juu yake.

Bibi Dulmaa alikuwa mbele, miguu imefungwa manyoya ya kondoo, na Tungalag nyuma amemkumbatia kiuno. Hawakubeba ndoo wala mfuko wala kamba. Ilibidi tumshushe wawili, mimi na Gombo, kwa maana magoti yale hayakutaka kukunjuka. Alitembea mpaka ofisini akiwa ameniegemea, na njiani akaniambia kwamba mtoto alimweleza yote, kwa sababu dhoruba iliwafungia ndani siku nyingi na mtoto alilia siku ya Jumatatu nzima bila kusema analia nini, mpaka alipobanwa.

"Kumbe hukunisalimu," bibi aliniambia.

"Sikukusalimu, bibi. Nilikutukana."

"Bora ungetukana kwa sauti. Ningesikia kutoka kule."

Ofisini Mwalimu Mkuu alimpa kiti karibu na jiko, akamimina chai, akauliza habari za njia, habari za mifugo, habari za afya, kwa utaratibu wote. Gombo alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mkononi. Tungalag alijibanza nyuma yangu. Habari zilipokwisha, Mwalimu Mkuu alivua miwani akaifuta, akasema lililokuwa lazima lisemwe. Mtihani umepita. Kitanda amekwisha kupewa mtoto mwingine, amefika leo asubuhi na baba yake na nyama yake. Ilimuuma, alisema, na nilimwona kwamba kweli ilimuuma. Lakini bibi amchukue mjukuu wake.

Bibi alikunywa chai mpaka mwisho. Akaliweka bakuli chini.

"Mwalimu, nilipomleta huyu vuli ile, nilikukabidhi vipi?"

"Kwa mikono miwili, bibi."

"Alikuwa anajua nini?"

"Alikuwa anajua kusoma. Na kujumlisha."

"Na sasa anajua nini?"

Mwalimu Mkuu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwalimu. "Anajua kusoma," alisema. "Na kujumlisha."

"Kosa ni langu na la huyu mnene," bibi alisema, akamwonyesha Gombo kwa kidevu. "Tumefanya upuuzi, nasi watu wazima. Hilo nitalibeba. Lakini mimi nilikuletea chombo, Mwalimu. Nilikuletea kwa mikono miwili, kikiwa na vitu viwili chini kabisa. Nawe unataka kunirudishia hivyohivyo?"

Jiko lilikuwa likiunguruma. Mwalimu Mkuu Sevjid alikuwa amesoma nje ya nchi, alikuwa na shahada mbili na kabati la kanuni za wizara, lakini mama yake alimzaa ndani ya hema, na hemani hakuna kanuni ya wizara inayojibu swali lile. Nilimwona anatazama kile chungu chenye udongo mtupu dirishani. Masikio yakamwiva.

"Kitanda hakuna," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea.

Nikasema atalala chumbani kwangu. Nikasema nakoroma, lakini atazoea. Mtihani, nikasema, si karatasi tu? Karatasi zipo kabatini, na mtoto yupo.

"Hajui kugawanya," Mwalimu Mkuu alisema.

"Ndiyo maana yuko shuleni," alisema bibi.

Mambo mengine yaliamuliwa kwa sauti ya kiserikali. Mwalimu Mkuu alikwisha kurudiwa na nafsi yake, na alihitaji kumwamrisha mtu. Alimwamrisha Gombo. Vyombo vyote vyenye mgogoro, vya upande huu na vya upande ule, viletwe ofisini kwake, navyo vitakaa humo mpaka shule ifungwe. Kamba pia, popote ilipo. Gombo alikodoa macho, halafu nikaona mabega yake yanashuka taratibu, na bibi naye akaachia pumzi ndefu. Chombo kilichozuiliwa na serikali hakimwaibishi mtu. Wote wawili walikuwa wamechoka kufa, ila hakuna aliyejua mlango wa kutokea. Gombo alivuka barabara siku ileile akarudi na ndoo, kopo, kibuyu, na ule mfuko wa ngozi, akivipanga juu ya kabati kwa furaha. Mimi nilikwenda ghalani nikarudi na mfuko wa mshono mwekundu, nikauweka pamoja na vingine, na kwa sura yangu hakuna aliyeuliza swali.

Kuanzia hapo nyama ya bweni ya Tungalag ilivuka barabara mikononi mwa Gombo, imefungwa kwenye gazeti la zamani, na gazeti nililitia motoni mbele yake ili asipate wazo. Mtoto alilala chumbani kwangu. Alijifunza kugawanya kitandani, kwa sauti, usiku, nikiwa nataka kulala, na mpaka leo nikisikia mtu anagawanya nasinzia.

Shule ilipofungwa mwezi wa Juni, Mwalimu Mkuu alisema atamrudisha mwenyewe. Tulipanda lori la Gombo, yeye mbele amenyooka, mimi na Tungalag nyuma pamoja na vyombo. Na vyombo vilikuwa vizito. Angevirudishaje vitupu, na vimekaa kwake miezi yote ile? Lakini mwalimu ana nini cha kujaza? Mfuko wa mshono mwekundu alikuwa ameujaza vitabu vya zamani vya shule, baadhi vikiwa na ramani za nchi ambazo hazipo tena. Kopo la maua lilikuwa na chaki. Ndani ya kibuyu alitia penseli. Gombo alipopokea ndoo yake akakuta humo kitabu cha watoto wa darasa la kwanza, cha kujifunzia kusoma, alikifunga haraka akakitia kifuani.

Bibi alitungoja nje ya hema, amevaa joho lake la sikukuu. Mwalimu Mkuu alimshika Tungalag mabega, akamsogeza mbele, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bibi hakumkumbatia. Alimketisha kwenye nyasi, akachagua kitabu kinene kuliko vyote ndani ya mfuko, akakifungua katikati, akamwambia asome. Tungalag alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Bibi akamwambia agawanye mbuzi waliokuwa mbele yetu baina ya mahema ya bondeni, akagawanya, akasema na mbuzi watakaobaki. Bibi akauliza mto ule pale unakwenda wapi, na mtoto akaufuata mto kwa kidole, kupita milima na mipaka, mpaka kwenye ziwa la mbali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama wima kabisa, na kope zilikuwa zinamchezacheza.

Halafu Bibi akaelekeza kidevu nyuma ya hema, pale ambapo mifupa ilikuwa bado inaonekana kwenye nyasi mpya.

"Na humo imeandikwa kwa nini baridi ile iliwaua kondoo wangu wote, na ya mwaka uliotangulia ikawaacha?"

Tungalag alipindua kurasa. Akapindua tena, akatafuta mbele na nyuma, akafunga kitabu.

"Hatujafika huko, Bibi."

Bibi Dulmaa alimgeukia Mwalimu Mkuu, akamwekea mkono kwenye kiwiko kwa upole.

"Hajajaa," alisema. "Septemba namrudisha."